Mbona miaka inakimbia hivi?

SWALI: Shangazi, nina miaka 41 na naona Januari ilikuwa juzi tu, wakati utotoni likizo moja ilikuwa haiishi. Nifanyeje maisha yasinipite?

JIBU: Mwanangu, saa ni ileile, kumbukumbu zako ndo zimepungua. Mtoto kila kitu kwake kipya kwa hiyo ubongo unarekodi sana, wewe njia ileile, kazi ileile, jioni simu mkononi mpaka usingizi, ukigeuka nyuma wiki nzima imebaki kama siku moja. Kuna Mfaransa, Michel Siffre, mwaka 1962 alikaa pangoni kama miezi miwili bila saa wala jua, siku anatoka ilikuwa Septemba 14, yeye anadhani ni Agosti 20! Karibu mwezi mzima umempotea kichwani.

Foleni nayo inachosha na kuonekana ndefu ukiwa ndani yake, ila kesho yake huikumbuki, so usidhani kuboeka kutakusaidia. Badili njia, jifunze kitu kinachokutoa jasho kidogo, hata kuogelea, na hiyo simu iache chumba kingine jioni (najua hapo umeshanuna). Anza wikiendi hii hii.