Kichujio chekundu na michoro ya kale ya miambani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninapiga picha za michoro ya kale ya miambani kwa kamera ya zamani, nikitumia filamu ya nyeusi na nyeupe. Nilishauriwa nifunge mbele ya lenzi kichujio chekundu, yaani kioo cha rangi, ili michoro ijitokeze, lakini picha zikisafishwa mwamba huonekana vizuri na michoro hupotea. Je, kamera ni mbovu? Nimwagie mwamba maji kidogo ili rangi zikolee?

JIBU: Usiilaumu kamera, ndugu msomaji. Kichujio chekundu husifiwa kwa sababu hutia giza anga la buluu na kuyafanya mawingu yang'ae, lakini sehemu kubwa ya michoro ya kale ilichorwa kwa ngeu, yaani udongo mwekundu wenye oksidi ya chuma, na kichujio hupitisha kwa wingi mwanga wa rangi yake. Hivyo ngeu hupauka kwenye picha hadi ikalingana na jiwe. Funga kichujio cha kijani, nawe utaona mnyama aliyefifia akigeuka mweusi, pembe na miguu yake vikisomeka. Pale ambapo mwamba wenyewe ni mwekundu tofauti hupungua, na michoro myeupe hainufaiki sana.

Kichujio cha kijani cha wastani huhitaji mwanga takriban mara 4. Kwa filamu ya ISO 100 (kiwango cha wepesi wake wa kunasa mwanga), kwenye kivuli cha wazi, kipimo cha f/5.6 (upana wa tundu la lenzi) kwa sekunde 1/125 kitakuwa f/5.6 kwa sekunde 1/30. Kwa hiyo tumia stendi ya miguu mitatu, na uielekeze lenzi moja kwa moja kwenye mwamba, mgongo wa kamera ukiwa sambamba na uso wake. Iwapo kipima mwanga cha kamera yako kilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, betri ya leo ya volti 1.5 inaweza kukipotosha. Pima kwa kifaa kingine.

Kuhusu maji, nakusihi usithubutu. Rangi hukolea kwa dakika chache tu, kisha maji yakikauka huacha chumvi juu ya mchoro, na utando huo huendelea kuufunika. Pango la Lascaux, Ufaransa, lilifungwa kwa wageni mwaka 1963 kwa madhara ya pumzi zao na taa. Maji ya kumwagwa ni hatari zaidi. Michoro iliyochongwa, isiyo na rangi, ipigie picha asubuhi au jioni, jua linapomulika kwa ubavu na kila mfereji wa mchongo kujaa kivuli.