Soma tarehe kabla hujajibu U

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 9 Februari 2014, nilikuwa zamu peke yangu kwenye kampuni moja ya bima huko Marekani. Mfumo wetu mmoja wa z/OS, yaani mfumo endeshi wa meinfremu, zile kompyuta kubwa za IBM, ulikuwa umezimwa kwa matengenezo, na kazi ya kuuwasha ilikuwa yangu. Kwetu, mfumo unapowaka, konsoli, yaani skrini ya kuuendeshea, hutoa ujumbe IEA888A wenye tarehe na saa, kisha hungoja jibu. Saa haikuwa sawa, nikaiandika upya pamoja na tarehe. Meinfremu huhesabu siku za mwaka, kwa hiyo siku ile ilikuwa 2014.040. Mimi nikaandika 2014.140. Ujumbe ukarudi mara ya pili, kosa langu likiwa wazi kwenye skrini. Nikajibu U, yaani nimekubali.

Tarakimu moja tu, na mfumo ukaamini ni Mei 20.

Hakuna kengele iliyolia. Kazi za usiku ziliendelea vizuri hadi saa kumi na mbili asubuhi, simu zilipoanza kumiminika: akaunti zimefungwa. RACF, ambayo ndiyo bawabu wa mfumo, hutunza tarehe ambayo kila mtumiaji aliingia mara ya mwisho, na kwetu asiyeonekana kwa zaidi ya siku 90 alikuwa anafungiwa. Mtu aliyefanya kazi Ijumaa alihesabiwa kuwa ametoweka siku 102. Hata kama sheria hiyo isingekuwepo, nywila za watu wengi zingeonekana zimepitwa na muda.

Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba hifadhidata ya RACF tuliitumia pamoja na mfumo mkuu, ule unaofanya kazi halisi za kampuni. Aliyefungiwa huku hakuweza kuingia na kule, ingawa kule tarehe ilikuwa sahihi. Na kurekebisha tarehe hakumfungulii mtu. Alama ya kufungiwa imeshaandikwa, inabaki.

Tuliokolewa na msimamizi wa usalama mwenye SPECIAL, yaani mamlaka ya kubadilisha akaunti za watu kwenye RACF, ambaye tangu usiku alikuwa ameshaingia kwenye mfumo mkuu. Tukauwasha upya mfumo wenye kosa kwa tarehe sahihi, ndipo akaanza kutoa amri ya ALTUSER yenye RESUME, inayofungua akaunti, jina baada ya jina. Fuata mpangilio huohuo: tarehe kwanza, akaunti baadaye. Ukianza na akaunti, watu wataingia na kuandikiwa siku ambazo hazijafika.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza kazi hii, usiwashe mfumo kabla mwenye SPECIAL hajawa ndani ya mfumo mwingine, na nakala mpya ya hifadhidata ya RACF iwe imetengwa. Majaribio ya tarehe za mbele, ambapo mfumo hupewa kwa makusudi tarehe ambayo haijafika, yapewe hifadhidata yake, yasiguse ya watu walio kazini.

Mimi siku hizi huandika namba ya siku kwenye karatasi mchana, na kuibandika chini ya skrini. Ujumbe ukitokea, mwenzangu husoma karatasi kwa sauti, nami nasoma konsoli.