Umehama Huku Fao la Kukosa Ajira Halijatoka

SWALI: Shikamooni. Nilikuwa mpishi kwenye hoteli moja Arusha kwa miaka minne. Msimu wa mvua ulipoanza tukapunguzwa. Nilipeleka madai ya fao la kukosa ajira NSSF nikiwa bado nimepanga Sakina, kodi ikanishinda, sasa nipo kwa wazazi Moshi. Kule NSSF sijasema kitu. Nianze madai upya huku? Na hela ikitoka itanifuata wapi? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, na pole sana. Usianze upya. Uanachama wako ni wa mfuko mzima, si wa ofisi ya Arusha, na namba yako ya uanachama ni ileile popote ulipo. Ukipeleka fomu nyingine Moshi utakuwa na madai mawili kwa namba moja, na itabidi mtu akae ayalinganishe kabla hajaendelea na lolote. Unachotakiwa ni kutoa taarifa kwamba umehama, kwenye faili lililokwisha kufunguliwa.

Aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi kwa hiari yake hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwa mshahara wa shilingi 450,000 hiyo ni karibu shilingi 150,000 kwa mwezi. Fedha inaingia benki, kwa hiyo kuhama chumba peke yake hakuizuii. Akaunti uliyofungulia Arusha utaitolea fedha Moshi bila kuhamisha tawi. Kinachokwamisha waliohama ni mambo mengine, na la kwanza ni sanduku la posta.

Chukua nakala ya fomu uliyojaza, uangalie S.L.P. iliyoandikwa. Wafanyakazi wengi huandika sanduku la mwajiri kwa sababu ndilo wanalolijua. Ukiwa kazini haina shida, barua inafika mapokezi unaitiwa. Ukishaondoka, barua yako inalala kwenye meza ya ofisi ambayo huna ruhusa ya kuingia. Kama ndivyo ilivyo kwako, hili ndilo la kurekebisha mapema kuliko mengine yote. Waweza kutumia sanduku la parokia, la msikiti, la shule au la ndugu, ilimradi mwenye nalo amekubali na utaje kwamba barua inapitia kwake.

La pili ni simu. Afisa akiona karatasi imepungua atakupigia, na asipokupata faili linarudi kwenye rafu. Watu wakihama hununua laini mpya na ile ya zamani inabaki droo. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Usiiache laini iliyoko kwenye fomu hata kama mtandao wake unasumbua huko nyumbani. Iweke kwenye simu, uitumie mara kwa mara. Piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Kama ile laini ilisajiliwa kwa jina la kaka au rafiki, andika namba nyingine iliyo yako mwenyewe.

Sasa barua ya kutoa taarifa kwamba umehama. Kabla hujaiandika, nenda kwa mjumbe wako, kisha kwa mtendaji wa mtaa, uchukue barua ya utambulisho. Hapa kuna kosa linalojirudia sana: mtu anaandika “Moshi” na kuishia hapo. Pasua na Majengo ziko Manispaa ya Moshi, zina mtaa na kata. Kibosho na Marangu si Manispaa, kule kuna kitongoji na kijiji, na anayegonga muhuri ni mtendaji wa kijiji. Upande wa Arusha ni vilevile: Sakina ukipita kidogo tu kuelekea Ngaramtoni unaingia Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, na Usa River iko Meru. Tena kuna Kaloleni ya Arusha na Kaloleni ya Moshi. Bila halmashauri na postikodi, hakuna ajuaye ni ipi. Postikodi za Mkoa wa Arusha huanza na 23, za Kilimanjaro 25. Tarakimu ya tatu ni wilaya na mbili za mwisho ni kata. Mtendaji anayo ya kata yake, mwombe aiandike pamoja na jina la barabara na namba ya nyumba iliyo kwenye kibao.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Juu weka jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, namba ya uanachama, namba ya simu na tarehe uliyopeleka madai. Kichwa: YAH: MABADILIKO YA ANWANI – MADAI YA FAO LA KUKOSA AJIRA. Chini yake andika anwani ya zamani, ya sasa na tarehe uliyohama, kisha sentensi hii: “Akaunti yangu ya benki haijabadilika.” Usiidharau. Afisa akisoma kwamba mtu amehama mkoa, swali la kwanza ni kama na benki imehama. Toa nakala mbili, moja ibaki kwao, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na urudi nayo nyumbani. Ipeleke ofisi uliyofungulia madai. Nauli ikikubana, anzia ofisi ya NSSF iliyopo Moshi, uombe iunganishwe na faili la Arusha. Lakini hata hapo usiondoke bila muhuri.

Ukiwa dirishani, omba wakusomee jina lililo kwenye faili herufi kwa herufi. Kimaro na Kimario, Laizer na Laiza: kwa masikio ni mtu mmoja, kwa benki ni wawili. Na ukipata kazi kabla miezi sita haijaisha, toa taarifa pia, maana fao hili ni la asiye na kazi.

SWALI: Nina shauri CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) Arusha la kuachishwa kazi isivyo halali. Nimehamia Himo. Naweza kulihamishia Moshi? – Msomaji, Himo

JIBU: Shauri husikilizwa na ofisi ya eneo ambako mgogoro ulitokea. Kazi ilikuwa Arusha, basi litabaki Arusha. Na hapa anwani ina uzito kuliko kule NSSF: mlalamikaji asipotokea siku ya usuluhishi, msuluhishi anaweza kulitupa shauri, na mwajiri asipotokea anaweza kuamua bila yeye. Peleka leo barua ya anwani na simu mpya, ukitaja namba ya shauri, na nakala mpe mwajiri ili naye asitumie ile ya zamani. Kama tayari limetupwa kwa sababu wito ulienda nyumba uliyohama, sheria inaruhusu kuomba uamuzi huo uondolewe kwa kuonyesha sababu ya msingi. Barua ya mtendaji yenye tarehe ya kuhamia ni ushahidi mzuri. Msomaji mwingine ambaye bado hajafungua: kwa kuachishwa kazi muda ni siku 30, na kuhama hakuuongezi.

SWALI: Mwajiri anipe nauli ya kurudi Rombo? – Msomaji, Njiro

JIBU: Inategemea ulipoajiriwa, si ulipozaliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri amsafirishe mfanyakazi na mizigo yake hadi mahali alipoajiriwa, au alipe gharama hizo, kama ajira imeisha mahali pengine. Fungua mkataba utafute “mahali pa kuajiriwa”. Ikiwa imeandikwa Rombo au Moshi, unayo haki, pamoja na posho ya kujikimu ya siku ulizokaa ukingoja kusafirishwa. Ikiwa imeandikwa Arusha kwa sababu ulijileta mwenyewe ukaajiriwa hapo, nauli hiyo huna. Unabaki na cheti cha utumishi, malipo ya likizo ambayo hukuchukua na, kama ulimaliza miezi 12 na hukuachishwa kwa utovu wa nidhamu, kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi.

SWALI: Nikihama namba ya NIDA inabadilika? – Msomaji, Moshono

JIBU: Haibadiliki. Zile tarakimu 20 ni zako hadi mwisho, hata ukihamia Mtwara. Usilipe mtu yeyote anayedai atakubadilishia.