Maswali ya Wasomaji: Kipimo cha Choo na Upasuaji wa Tumbo

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 55 na ninaishi Leicester, Uingereza. Nimeletewa kwa posta kipimo cha choo cha kuchunguza saratani ya utumbo mpana. Mke wangu ananishauri nisubiri kipimo cha kamera inayoingizwa utumboni kupitia njia ya haja kubwa, kwa kuwa hiki cha nyumbani anakiona cha kubahatisha. Tena kwa muda sasa naona damu nikienda haja kubwa, nami nadhani ni bawasiri. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, damu hiyo isisubiri majibu ya posta. Mwone daktari wako wiki hii na umweleze yote bila haya, kwani mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa wakati mmoja, na rangi ya damu peke yake haitoshi kuzitofautisha. Kipimo cha posta kimekusudiwa watu wasio na dalili. Huenda daktari naye akakuagizia kipimo cha choo, lakini atakisoma kwa kiwango kingine cha damu, kilicho chini zaidi, kwa sababu wewe tayari una dalili.

Kuhusu kubahatisha, naomba nikitetee kipimo hicho. Kinatumia kingamwili zinazonasa globini, yaani protini ya damu ya binadamu, kwa hiyo nyama uliyokula haikipotoshi kama ilivyoweza kukipotosha kipimo cha zamani, ambacho England ilikiacha mwaka 2019. Kamera kweli huona zaidi, na huondoa papo hapo vivimbe vidogo ambavyo baadaye vingeweza kugeuka saratani. Lakini faida hiyo humfikia yule tu anayekubali kwenda. Nchini Hispania watafiti waliwagawa kwa kura watu zaidi ya 57,000 wenye umri wa miaka 50 hadi 69, nusu wakaalikwa kupimwa kwa kamera mara moja na nusu kupimwa choo kila baada ya miaka miwili. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yalionyesha kwamba baada ya miaka kumi vifo vya saratani hiyo vilikaribiana sana: takriban 22 kwa kila watu 10,000 upande wa kamera, na 24 upande wa choo. Waliojitokeza kupima choo walikuwa karibu 40 kwa kila 100 walioalikwa, na upande wa kamera karibu 32.

Kipimo kikionyesha damu, hapo kamera haikwepeki, ingawa wengi wanaofikia hatua hiyo hukutwa hawana saratani.

SWALI: Mama yangu atafanyiwa upasuaji wa utumbo hapa Kigali. Nimesikia vidonda vya tumbo lililopasuliwa huoza. Je, tununue nyuzi za kushonea za bei ghali ili kumkinga?

JIBU: Pole kwa wasiwasi, dada. Hofu yako ina msingi, maana utumbo umejaa bakteria na tumbo likifunguliwa hao huweza kuingia katika kidonda. Ila fedha yenu msiipeleke kwenye nyuzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ulioshirikisha hospitali za nchi saba, Rwanda ikiwemo, ulipima nyuzi zilizopakwa dawa ya kuua vijidudu pamoja na dawa ghali zaidi ya kusafishia ngozi, na havikuonyesha ubora kuliko nyuzi za kawaida na iodini.

Kilichosaidia ni jambo jepesi zaidi, nalo lanifurahisha kila nikilieleza. Katika utafiti wa mwaka 2022, katika nchi hizo hizo saba, timu za upasuaji zilivaa glavu mpya na kuchukua vifaa safi kabla tu ya kushona ukuta wa tumbo. Waliopata maambukizi ya kidonda walipungua kutoka karibu 19 kwa kila wagonjwa 100 hadi 16, na wagonjwa waliohusika walizidi 13,000. Mwulize daktari mpasuaji kwa heshima kama timu yake hufanya hivyo. Ni swali halali, wala halimvunjii heshima.

Akisharudi nyumbani, angalieni kidonda kila siku. Wekundu unaoenea, usaha, harufu mbaya au homa ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tarehe ya kliniki haijafika. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa kwa siku 30, kwa sababu maambukizi mengi hujitokeza mgonjwa akiwa tayari amekwisha ruhusiwa.