Jibu: Kwa nini Mother India bado inawaliza wazee wetu

Ndugu yangu, umeuliza vipi wazee wa Lamu bado wanaililia Mother India, filamu ya India ya 1957, na Kihindi hawakijui. Ni lile deni. Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, aliikopesha familia ya Radha, yule mama mhusika mkuu, rupia 500 za harusi yake, kisha kila mwaka akabeba robo tatu ya mavuno kuwa riba. Nani pwani hii hamjui mkopeshaji kama huyo? Halafu Radha anampiga risasi mwanawe mwenyewe, Birju, kwa kuteka bi harusi. Bibi yangu wa Langoni akifika hapo hujifunika uso kwa leso, na ameshaiona mara nyingi. Filamu ya Dangal ya 2016 naipenda sana, ila mule baba ndiye mwamuzi. Kwa Radha, mama ndiye anayehukumu.