Re: Nina siku moja Stockholm, nianzie wapi kuona michoro ya Kiswidi?

Dada, kwa siku moja usihangaike kuzunguka mji. Nenda Nationalmuseum, makumbusho ya taifa ya sanaa, pale mtaa wa Blasieholmen ukingoni mwa maji. Jengo walilifunga miaka mitano kulikarabati, wakalifungua tena 2018, na sasa mwanga wa jua unaingia kumbini. Michoro imepata uhai.

Panda ngazi mpaka juu kabisa. Utakutana na mchoro "Midvinterblot" (Kafara ya katikati ya baridi) wa Mswidi Carl Larsson, upana wake zaidi ya mita 13: mfalme wa kale anatolewa kafara mbele ya hekalu la Uppsala ili njaa iishe. Ulichorwa kwa ajili ya ukuta huohuo ulipo sasa, ukamalizika 1915, na makumbusho yakaukataa. Larsson alifariki 1919 na uchungu huo moyoni. Baadaye ukauzwa Japani, na ni 1997 tu ndipo makumbusho yaliponunua kitu yalichokikataa. Kwangu mimi, hii ni dhuluma iliyochelewa mno kurekebishwa.

Halafu mtafute mchoraji Anders Zorn, "Midsommardans" (Ngoma ya katikati ya kiangazi) ya 1897. Hapo usiwe na haraka. Ni ngoma ya usiku wa kiangazi huko mkoa wa Dalarna, usiku usio na giza. Sogea karibu uangalie mikono ya blauzi za wachezaji: ukiiona kwa mbali ni nyeupe, kwa karibu ni mipigo ya kijivu na buluu. Ule weupe unatengenezwa na jicho lako.

Bruno Liljefors, mchoraji wa wanyama, mpitie ukibakiwa na muda.