Shangazi, mama hataki nifanye kazi yake

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 25, naishi Igombe hapa Mwanza. Mama amenisomesha kwa dagaa mpaka nikapata shahada ya uhasibu. Nimeomba kazi mpaka nimechoka, sasa nataka tufanye biashara ya dagaa pamoja. Mama hataki hata kusikia. Mtaani wananiita "msomi wa mwaloni", yaani wa pale mitumbwi inaposhusha dagaa, na mjomba anasema nimeiaibisha familia. Nifanyeje?*
*Binti wa Igombe*

Marahaba mwanangu.

Nianze na hao wa mtaani, maana hawatanichukulia muda. Mtoto wa daktari akivaa koti jeupe tunasema damu haipotei. Kule Zanzibar, Amani Karume alikuja kuwa Rais kama baba yake, na Hussein Mwinyi vilevile, na sikumbuki kusikia mtu akisema elimu yao imepotea bure. Lakini mtoto wa muuza dagaa akirudi kwenye dagaa, anaitwa aliyeshindwa maisha. Naliona hilo ni dhuluma, na linaniuma, kwa sababu dagaa haohao ndio wanaopakiwa soko la Mwaloni Kirumba kwenda mpaka Kongo, na ndio waliolipa ada yako. Waache waseme.

Mama yako ni habari nyingine. Yeye hakucheki, anaogopa, na anachokiogopa anakijua. Anaamka alfajiri kuwahi mitumbwi, anabeba ndoo ya dagaa kichwani, anawamwaga mchangani, anageuza jua likipanda, mgongo umepinda mpaka mchana. Wingu likitanda anakimbilia turubai. Mvua ikimzidi, mzigo uliokuwa wa kuliwa na watu unaondoka kwa bei ya chakula cha kuku. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi, ila marejesho ya kikoba hayangoji giza. Alivyoinama miaka yote hiyo, alikuwa anakuona wewe umekaa kwenye kiti.

Na lipo ambalo huenda hajawahi kukutamkia. Katika baadhi ya mialo, mwanamke hapati ndoo kwa pesa peke yake. Kuna wavuvi wanaotaka mwili wake kwanza, hasa akiwa binti mgeni asiye na mtaji. Mama aliyepita hapo, au aliyeona wenzake wakipita hapo, hawezi kufurahi binti yake akimwambia "nakuja". Kaa naye mkiwa wawili tu, wadogo zako wasiwepo, umuulize taratibu: "Mama, unachoniogopea ni nini hasa?" Kisha nyamaza umsikilize, hata akilia.

Ukishamsikia, mwombe giza moja tu, yaani kipindi kimoja cha kuvua kisicho na mbalamwezi, uwe karibu yake na daftari. Andika bei ya ndoo, ushuru, nauli ya mzigo, kilichoharibiwa na mvua, na alichobaki nacho mkononi. Wanawake wengi wa mwaloni wanauza mwaka mzima bila kujua ni mwezi gani walikula mtaji. Hapo uhasibu wako una kazi kubwa kuliko ulivyodhani. Mkiona hasara kubwa iko mchangani, fikirieni vichanja: dagaa wakianikwa juu hukauka upesi, hawana mchanga, na mnunuzi anaona tofauti. Chuo cha uvuvi cha FETA kiko hapo Nyegezi na kinafundisha uchakataji wa samaki, nenda ukaulize. Mtaji msikope kwa mwenye mtumbwi, maana anayekukopesha ndiye atakayekupangia bei, na wakati mwingine mengine zaidi. Kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, 4 ni za vikundi vya wanawake na 4 za vijana. Tafuta wenzako unaowaamini, mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata awaeleze masharti.

Hesabu ikionyesha biashara hailipi, usiing'ang'anie kwa kushindana na wa mtaani. Endelea kuomba kazi, na daftari la mama uendelee kumtunzia jioni. Lakini ikilipa, na wewe ukaona moyo wako uko pale, mimi niko upande wako.

Mjomba ni mkubwa wako, usijibizane naye. Mwambie kwa heshima kwamba unafanya kazi halali na mama yako, na kama ana nafasi ya uhasibu anayoijua akuletee barua yake, utaisoma. Kama hana, mwombe basi awachangie mbao za kichanja.